Upande wa Mlango

Dhoruba ya theluji iliwakuta mlimani, Ndeshi na baba yake, wakiwa wamebeba maiti ya mama kwenye machela, wakimrudisha kwao kuzikwa. Baba, Mzee Makundi, alichimba pango ndani ya theluji, akatoboa tundu la hewa. Kitanda, nacho cha theluji, alikiinua juu kuliko mlango, maana baridi hushuka na joto la pumzi hubaki juu. Kisha akaanza kumvuta mkewe kitandani.

"Baba, hapo hatutoshi watatu."

"Nimlaze chini kwenye baridi, Ndeshi? Mama yako huyu!"

Ndeshi alimshika mama mabegani. Akamlaza chini mlangoni, akiziba sehemu kubwa ya mlango kwa mwili wa marehemu, na upepo uliokuwa ukiwachapa miguuni ukapungua.

"Hata nyumbani alikuwa analala upande wa mlango," alisema. "Alitaka upepo umfikie yeye kwanza."

Mzee alipanda kitandani, Ndeshi akamfuata. Walikaa wamebanana, na polepole vidole vyao vikaanza kupata joto. Ndipo mzee akavua kofia yake ya sufu, akainama, akawa anapapasa kule chini akitafuta kichwa cha mkewe.