Ukungu Kwenye Darubini

Sagynbai alifumba jicho la kushoto, akaielekeza darubini mpya ya bunduki mlimani, ng'ambo ya soko la mji wa Naryn. Katikati ya kioo palikuwa na ukungu, kama tone la maziwa kwenye chai.

Akakifuta kwa kofia yake ya sufu. Ukungu haukutoka.

"Kioo kichafu hiki."

Muuzaji akachungulia. "Kichafu wapi, mzee wangu? Namwona mbuzi mwitu kule juu mpaka ndevu!"

Sagynbai akaipokea tena darubini. Majira ya baridi yaliyopita alimpiga risasi mwindaji mwenzake, aliyekuwa amejifunika ngozi ya mbuzi ili alinyemelee kundi la mbuzi mwitu. Matangani aliapa kwamba ni darubini kuukuu iliyomponza, na wote wakamwamini.

Aliyemleta leo sokoni ni mdogo wa marehemu. Alikwisha kumkabidhi muuzaji hatamu za farasi wake, ndiyo bei ya darubini. Begani alijitanda ngozi ileile, tundu limeshonwa kwa uzi mweusi.

"Vipi, kaka, sasa unaona? Maana kesho mawindoni natangulia mimi, na ngozi hii."

Sagynbai alirudisha jicho kwenye ukungu.

"Naona mpaka ndevu," alisema.