Kigarimoshi cha Bi Chausiku

"Kigarimoshi chako kipana, Bi Chausiku. Reli zangu hazikiwezi," Mzee Mshamu alitamba mbele ya majirani waliojaa uani kwake kuzitazama reli zake ndogo za mfano.

Bi Chausiku, fundi mstaafu wa karakana ya reli, akakinyanyua kigarimoshi chake. Wiki nzima alikuwa akiyasogeza magurudumu kwenye ekseli zake, kidogo kidogo, mpaka yakalingana na uzi aliopimia upana wa reli za Mshamu. Alikiweka relini, akawasha spiriti chini ya boila. Maji yakachemka, mvuke ukafoka, kikaondoka. Kikakata kona bila kuyumba.

"Nani kakurekebishia?" Mshamu aliuliza.

Bi Chausiku akamwonyesha viganja vyake vyenye sugu.

Jani la mpera likaangukia reli, mbele ya kigarimoshi. Mshamu, asiyemwinamia mtu, akapiga magoti haraka kuliondoa.