Chafya ya Mkuu

Hapo kale mbwa mwitu walikuwa na desturi yao: aliyekubali shauri la mawindo alipiga chafya, na chafya zikiwa nyingi, walikwenda. Mkuu wao, Kirungu, akaipiga marufuku. Tangu hapo aliamua peke yake, na kundi likalala njaa.

Asubuhi moja akatangaza, "Leo tunakwenda mlimani."

"Mlimani kuna simba, Mkuu," akasema Bi Shelina. "Swala wako mtoni."

Kirungu akatimua vumbi kwa hasira. "Nani anamuunga mkono huyu?"

Wote wakabana pua. Vumbi likamwingia mwenyewe, akapiga chafya moja kubwa.

"Ahsante, Mkuu," akasema Bi Shelina.

Kundi zima likaangua chafya na vicheko, likatimka mtoni. Walishiba wote, Kirungu zaidi. Kesho yake, kabla shauri halijatolewa, alikuwa keshatumbukiza pua vumbini, anaitafuta chafya yake.