Mshauri wa Utekaji

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, Crisanto Baluyot alitekwa vibaya.

"Simamisheni!" alisema Crisanto Baluyot mwenyewe, kutoka kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli. "Mtu hatekwi hivyo. Hapo mnamsindikiza harusini."

Aliyekuwa akiburutwa mchangani ni Zandro, nyota wa sinema, kijana mwenye kifua na meno. Crisanto ndiye mwandishi wa habari aliyetekwa kweli, miaka sita iliyopita, kwenye ufukwe huohuo nje ya mji wa Zamboanga. Alikaa msituni miezi minne, akaachiwa, akaandika kitabu. Kitabu kilisema watekaji walimwachia kwa sababu ujasiri wake uliwashinda. Sasa kitabu kilikuwa kinageuzwa sinema, naye ameajiriwa kuwa mshauri. Kwa jinsi alivyoielewa, kazi yenyewe ilikuwa kukaa mbali na kamera.

"Kaka Santo," alisema Perlita, mwongozaji wa sinema, akijikaza asikasirike, "tunakuheshimu, mambo ni yako. Lakini tangu asubuhi unanisimamisha, hata kahawa sijanywa."

"Ndala zao mpya mno, dada. Na yule mnene anacheka."

"Nimekusikia. Nimeshaagiza wengine, wenye sura za kutisha. Mchana watakuwa hapa. Umeridhika?"

Hakuridhika. Pale kijijini watu walimwita Zandro "Crisanto", na yeye wakamwita "mzee wa mwavuli". Jana yake mkewe, Nenita, alikuja kumtembelea, akapiga picha na Zandro mpaka simu ikaisha chaji. Mpiga picha alikuwa Crisanto.

"Kwa kweli mnafanana," Nenita alimfariji. "Yaani wewe, kabla hujawa wewe."

Crisanto alicheka, maana tumbo lake alilijua. Kule msituni alikonda akapendeza, lakini kilo zote alizirudisha kabla waandishi wenzake hawajamaliza kumhoji. Alichotaka ni kitu kimoja tu: aonekane kwenye sinema hii, hata kisogo, watu waseme huyo ndiye.

Chakula kilipoiva, Perlita akaingia hemani na sahani yake ya pansit, tambi za kukaanga. Zandro alikuwa amejilaza kwenye bembea nyuma ya magari. Wengine wakaketi mchangani na wali wao na samaki wakavu.

Hapo ndipo boti ilipofika. Walishuka wanaume watano wamejifunga vitambaa usoni, ndala zimekwisha visigino, bunduki zinaonekana nzito. Crisanto akasimama na moyo ukamchangamka.

"Afadhali," alisema. "Leo wameleta watu wazima."

"Nyota yuko wapi?" mmoja wao aliuliza.

"Amelala, mwacheni. Hii nafanya mimi."

"Tumeambiwa nyota."

"Sasa kijana, hii sinema yote habari ya nani? Nyota ni mimi. Yule ananiigiza tu."

Yule mtu aliliangalia tumbo lake, akawaangalia wenzake. Mmoja akainua mabega. Crisanto akampungia mpiga kamera, ambaye bado alikuwa na kijiko mdomoni, awashe mtambo.

Kisha akaanza kuwafundisha. Shika ukosi, usishike mkono. Gunia kichwani kwanza, kamba baadaye. "Mikono nyuma. Kaza. We bwana, unafunga mateka au unafunga zawadi?" Walimtii vizuri kuliko mtu yeyote tangu sinema ianze. Walipokuwa wakimburuta majini, alipaza sauti: "Nichukueni mimi, dereva mwacheni aende kwa watoto wake!" Maneno hayo siku ile ya kweli, alipotekwa akiwa na dereva wake, hayakumjia. Yalimjia mwaka uliofuata, akiwa mezani anaandika.

Ufukweni watu waliacha sahani zao wakapiga makofi. Ndani ya gunia Crisanto alitokwa na machozi kidogo, ya furaha.

"Basi, inatosha," alisema boti ilipokwenda mbali. "Tumeshatoka kwenye picha. Geuzeni."

Injini ikaongezwa moto. Kutoka nchi kavu sauti ya Perlita ikaja kwenye kipaza sauti, imepasuka kwa hofu: "Nyie ni akina nani? Watu wangu wako barabarani, gari lao limepata pancha! Kaka Santo! Kaka Santo!"

Crisanto aliogopa. Aliwaza Nenita, akawaza kufa. Lakini chini kabisa ya woga ule, na aibu iliyoje kulikiri, palikuwa na kitu kama raha. Nchi nzima ingekesha tena ikitaja jina lake, lake yeye, si la kijana mwenye meno. Wamenirudia, aliwaza. Watu wote hawa duniani, wamenirudia mimi. Kitabu cha pili kilikwishaanza kujiandika kichwani.

Walimpandisha kilima kirefu akihema, wakampigisha magoti, wakamvua gunia. Mbele yake mkuu wao alikuwa ameketi juu ya gogo na kikombe cha kahawa. Crisanto alimtambua palepale: ndiye yuleyule wa miaka sita iliyopita, ila ndevu zimeingia mvi. Akanyoosha mgongo, akakusanya pumzi ya kusema neno la kishujaa.

Mkuu akaweka kikombe chini taratibu na kuwageukia vijana wake.

"Nimewatuma nyota, mnaniletea huyu tena? Mrudisheni haraka kabla hajaanza kuongea. Mara ile tulimwachia bure, ili tupate kulala."