Walinzi Ishirini wa Chewa

Mkondo mkuu wa bahari ulipoanza kuhamahama na kuzoa mayai ya samaki, Chewa alipewa kazi ya kuweka walinzi wa kuuchunguza. Kwa kuwa hapendi kutoka pangoni mwake mwambani, akawapanga chaza ishirini mlangoni kwake.

"Hapa habari zitanikuta nimekaa," alisema.

Dagaa, aliyekuwa ametaga nyuma ya mwamba, alishindwa kunyamaza. "Mzee Chewa, mkondo haupiti mlangoni kwako! Panga mstari unaoukatiza, kutoka mwambani hadi kilindini, ndipo tutajua umeegemea wapi."

"Kidomodomo hicho! Basi kaulinde wewe."

Chaza wote wakacheka. Dagaa akaenda na dada zake, wakajipanga mstari, kila mmoja akimpasha jirani yake habari. Siku ya saba, wa kilindini walihisi maji yametulia, wa mwambani wakahisi yanavuta. Wakajua mkondo umeegemea mwambani, upesi wakayahamishia mayai ghubani.

Chewa naye akawauliza chaza wake.

"Shwari, Mzee!" wakajibu wote ishirini.

Hawajafunga vinywa, mkondo ukamng'oa Chewa pangoni na kumpitisha mbele ya dagaa.

"Jamani, mkondo umefika wapi?" alipiga kelele.

"Umefika kwako, Mzee," Dagaa akamjibu. "Si ulitaka habari zikukute umekaa?"