Swichi ya Katikati

Kidole cha fundi wa mtandao kilisimama juu ya kitufe. Asubuhi alikuwa ameipanga seva, kompyuta inayohifadhi picha za hospitali, pamoja na nyaya zake mbili zinazofanya kazi kama moja, itume data kwa pakiti kubwa. Swichi ya katikati, kifaa kinachopitisha data kati ya seva na wodi, aliisahau kuipanga. Sasa pakiti ndogo zilipita, kubwa zikatupwa, na hakuna picha iliyofunguka.

"Mama Waya," daktari wa upasuaji alisema kwenye simu, "mgonjwa wangu yuko mezani. Hiyo picha ya kichwa inakuja kwa miguu?"

"Nikibadilisha swichi, mtandao utakatika kidogo kwa wodi zote, Dokta."

"Kwani sasa hivi mimi nina nini?"

Akabonyeza. Taa mbili za kijani za swichi zilizimika pamoja. Feni ziliendelea kuvuma. Aligundua kuwa ameushika waya mmoja kwa vidole viwili, kama anayepima mapigo ya moyo.

Taa moja ikawaka. Ya pili ikasita, kisha nayo ikawaka.

Picha ilifunguka, na kwenye simu daktari akashusha pumzi ndefu. Alikuwa amesahau kwamba simu bado iko wazi.

"Damu iko kushoto," aliwaambia wenzake. "Mgeuzeni."