Majibu ya Mwalimu Elinami

Jumanne, tarehe 3 Machi 2071, saa kumi na dakika ishirini alasiri, manyunyu yakiulowesha mji wa Same, Nakijwa alisoma barua ya kituo cha utafiti, kisha akaitia motoni. Wiki iliyopita mumewe, Mwalimu Elinami, alilazwa ndani ya mashine ya sumaku inayopima kemia ya ubongo. Sheria haikuyumba: majibu hupewa mwenzi, aliyepimwa haambiwi kamwe, hofu yake isije ikauharibu utafiti.

Chakula cha jioni kilipotengwa, Mwalimu aliinua kifuniko.

"Umechinja jogoo, Mama Ombeni. Tuna mgeni?"

"Mgeni ni wewe. Kula."

Alicheka, mpaka alipoziona funguo za gari lake zimefungwa kwenye pindo la kanga ya mkewe.

"Ulipopimwa wewe, majibu yako yalipokuja," alisema taratibu, "ulikuwa huli, hulali. Nikavunja sheria, mimi ambaye sijawahi kuchelewa hata kengele ya shule, nikakwambia u mzima. Leo nakudai ukweli wangu."

Nakijwa aliivuta sahani ya mumewe, akamkatia nyama vipande vidogo vidogo, kama anavyokatiwa mtoto.

"Deni nalikiri, Baba Ombeni," alisema bila kumtazama. "Lakini silipi."